Alichosema Koti

Mzee Nzioka alifika nyumbani kwa Mwalimu Mutindi siku ya Alhamisi, amevaa suti yake ya Jumapili, na Mutindi akajua papo hapo kwamba hakuja kusalimia tu. Ilikuwa mwezi wa nane, mwaka wa sabini na sita. Nzioka alikuwa mzee wa kanisa, na pia ndiye aliyekuwa na duka la redio na saa pale Makindu, hatua chache kutoka barabara ya Mombasa. Alikataa chai. Akakalia ukingo wa kiti kama mtu anayeogopa kukichafua.

"Mwalimu, watu wanasema unajua Kifaransa."

"Nilikisomea, mzee. Lakini hapa sina wa kuongea naye. Kimeingia kutu."

"Basi kipanguse kidogo, tuna kazi nacho."

Ndipo akatoa yaliyomleta. Kulikuwa na mtu anaitwa Kahiga, mtu wa Nyeri, aliyekodisha godauni la zamani la pamba karibu na reli na kuligeuza nyumba ya sinema. Alikuwa na mashine yake, jenereta yake, na filamu moja tu ambayo haikuwa imekatikakatika, nayo ilikuwa ya Wafaransa. Kila Jumamosi aliionyesha, akisimama kando na kuwaeleza watu kwa Kiswahili yale yanayosemwa. Vijana wa kwaya walikuwa wameanza kukosa mazoezi.

"Yeye anasema ni hadithi ya mwizi anayepata adhabu yake," Nzioka akasema. "Mimi nauliza, kama ni hadithi ya adhabu, mbona vijana wanatoka humo wakitembea kama mwizi? Nenda usikilize. Utuambie kama anachosema ndicho kinachosemwa."

Mutindi hakuipenda kazi hiyo, lakini hakuwa na sababu ya kukataa ambayo mzee angeielewa. Alikuwa na miaka ishirini na saba. Alifundisha Kiingereza na historia katika shule ya sekondari ambayo haikuwahi kuwa na somo la Kifaransa, na ilipita miezi mizima bila yeye kutamka neno moja la lugha ile aliyoihangaikia miaka saba. Aliishi na mdogo wake Mbuvi, ambaye alikuwa amepunguzwa kazi kwenye reli mwaka uliotangulia na tangu hapo alikuwa akizunguka tu mjini, mchana akila hekaluni kwa Masingasinga ambako hakuna anayefukuzwa, jioni akirudi kwa dada yake. Mbuvi hakukosa sinema hata Jumamosi moja.

"Kwa hivyo wamekutuma upeleleze," alisema alipoambiwa.

"Wamenituma nisikilize."

"Tofauti yake ni gani?"

Mutindi akaanza kutafuta daftari.

Jumamosi saa tisa alasiri aliketi safu ya nyuma. Madirisha ya godauni yalikuwa yamezibwa kwa magunia, na joto la Makindu lilikuwa limejifungia humo pamoja na watu. Nje jenereta ilinguruma. Shuka jeupe lilining'inia ukutani, na kando yake alisimama Kahiga, mtu mwembamba wa miaka kama arobaini, fimbo mkononi, sauti yake kubwa kuliko kifua chake.

Picha ilianza kwa mvua. Mtu wa makamo alitoka kwenye lango la gereza akiwa amevaa koti refu, akatazama kushoto, akatazama kulia. Hakuna aliyekuwa akimngoja. Watu wa Makindu walikuwa wamempa jina lake zamani. "Koti!" wakamsalimu, kama jirani aliyerudi kutoka safari.

Hadithi yenyewe haikuwa ngumu. Koti alikuwa amezeeka katika wizi na amechoka. Alikuwa na rafiki mmoja mwenye baa, na mwanamke mmoja, mshona nguo, aliyemwahidi kwamba akifanya kazi moja tu ya mwisho wataondoka pamoja waende mji wa pwani. Kazi hiyo ilikuwa kumwibia mzee mmoja muuza vito. Akaifanya. Rafiki yake akamuuza kwa polisi. Koti akajua kwamba ameuzwa, na bado akaenda kwa yule mwanamke kwa miguu yake mwenyewe, kwa sababu alikuwa amempa neno lake. Alipigwa risasi akiwa ameketi kwenye ngazi za duka la mshonaji.

Mutindi alikuja na daftari, akasahau kuandika. Kilichomshangaza kwanza ni kwamba filamu ile haikuwa na haraka. Koti akila supu, picha ilimngoja amalize. Akitembea usiku kwenye barabara yenye maji, zilisikika nyayo zake tu. Hakutisha mtu. Alikuwa akijibu maswali kwa neno moja au mawili, halafu anatazama mikono yake, na ungeona kwamba tangu asubuhi ile ya gerezani anajua mwisho wake uko wapi na anaelekea huko polepole, bila kulalamika.

Lakini Kahiga hakuweza kuvumilia kimya. Kila Koti aliponyamaza, Kahiga alimsemea. "Sasa anasema, nitawamaliza wote, mmoja mmoja!" Na watu wakashangilia. Koti alipomwambia mshonaji kwamba kitambaa kile cha bluu kinampendeza, Kahiga akatangaza, "Anamwambia, mama, ukinidanganya nitachoma hii duka!"

Kisha ikafika sehemu ya muuza vito. Koti, amevaa glavu, alimfunga yule mzee kwa kamba, akamlaza chini. Mzee alianza kuhema vibaya, kifua kikipanda na kushuka kama cha ndege aliyeshikwa. Koti alikuwa ameshafika mlangoni na mfuko wake. Akasimama. Akarudi, akapiga magoti, akachukua mto kwenye kiti na kuuweka chini ya kichwa cha mzee, na kwa sauti ya chini sana akasema maneno machache.

"Anamwambia," Kahiga akapaza sauti, "nyamaza wewe mzee, ama nipasue hicho kichwa kama tikiti!"

Godauni zima likacheka. Mutindi hakucheka. Alichosema Koti hasa ni hiki: Pumua polepole, mzee. Mimi pia naogopa.

Watu walipotoka, Kahiga alikuwa akimngoja mlangoni, anajifuta jasho kwa leso.

"Mwalimu, wewe peke yako hukucheka."

"Sikuona cha kuchekesha."

"Umetumwa na wazee wa kanisa. Usinifiche, nimeona daftari." Alimkagua kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa. "Wanataka kunifungia?"

"Wanataka kujua kama unawaambia watu ukweli. Wewe unajua Kifaransa, bwana Kahiga?"

"Kidogo," akasema, na macho yake yakaenda kwingine.

Mutindi alirudi nyumbani akimtilia shaka. Ama mtu huyu hajui lolote na anabuni tu, au anajua na anapotosha makusudi. Na kama anapotosha, kwa nini mtu achukue mwizi mwenye huruma na kumgeuza mnyama?

Jioni ile, juu ya sahani za muthokoi wa mahindi na maharagwe, alimsimulia Mbuvi filamu yote upya, jinsi inavyosemwa kweli. Alijikuta anasema kwa furaha ambayo hakuwa nayo siku nyingi. Kifaransa kilikuwa kimemrudia kama mbuzi aliyepotea anavyorudi jioni mwenyewe. Alipofika kwa muuza vito, Mbuvi aliacha kula.

"Koti anasema anaogopa?"

"Ndivyo anavyosema."

"Nimemwona mara tisa," Mbuvi akasema. "Mara tisa, na sikujua." Akamwomba dada yake arudie maneno yale, kwanza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili. Akayatamka mwenyewe polepole. Kisha akanawa mikono akatoka nje.

Kwa wazee wa kanisa Mutindi aliandika ukurasa mmoja. Alisema filamu haina matusi, mwizi anakufa mwishoni, na tafsiri si sahihi. Hakuandika maneno yoyote ya Koti. Aliona kwamba hayakuwa ya barua. Nzioka alisoma akakunja uso.

"Si sahihi namna gani?"

"Anaongeza ukali, mzee. Mwizi mwenyewe ni mpole kuliko anavyosemewa."

"Mwizi mpole," Nzioka akasema, akiikunja karatasi mara nne. "Huyo ndiye wa kuogopwa."

Wiki tatu baadaye, Jumatano saa saba mchana, saa ambayo Makindu yote huwa imelala kwa joto na hata mbwa hawanyanyui vichwa, mtu aliingia katika duka la Nzioka. Alikuwa amevaa koti la mvua na glavu, na kofia ya sufi iliyoshushwa mpaka kidevuni, imetobolewa macho. Chini ya koti alishika kitu kirefu alichomwelekezea mzee. Alimfunga Nzioka kwa kamba ya katani, akamlaza sakafuni, akachukua redio tano na saa zote za kwenye kioo. Kabla hajaenda alikunja gunia na kuliweka chini ya kichwa cha mzee.

Lile gunia ndilo lililommaliza Kahiga. Nani asiyejua mto wa Koti? Kabla jua halijashuka, vijana walewale waliokuwa wakimshangilia walimtoa kwenye godauni, wakamvunja kidole cha mkono wa kulia, wakampeleka kituoni wakimsukuma. Inspekta Mwangangi alimfungia ndani, kwanza kwa usalama wake, alisema, na pili kwa sababu hakuweza kueleza alikuwa wapi saa saba mchana. Alikuwa amelala, peke yake, kama kila mtu. Na sheria ilikuwa imebadilishwa miaka mitatu iliyopita: aliyeiba kwa nguvu akiwa na silaha, hukumu yake ni kamba ya shingo. Watu walilisema neno hilo sokoni bila kushusha sauti. Kahiga hakuwa na jamaa yeyote pale.

Mutindi alienda na akina mama wa kanisa kumpa Nzioka pole. Mzee alikuwa kitandani, mikono ina michubuko ya katani, na alionekana amepungua. Akina mama walipotoka kwenda kuchemsha chai, alimwita Mutindi karibu.

"Kuna kitu kinanisumbua, mwalimu. Nilikuwa nimekosa pumzi. Nilijua nakufa. Na yule mtu alikuwa ameshatoka, akarudi. Akapiga magoti hapa." Alionyesha kwa kidole. "Akaniambia, pumua polepole, mzee, mimi pia naogopa."

Mutindi alikuwa ameshika kikombe tupu. Alikiweka chini kwa uangalifu mkubwa.

"Uliwaambia polisi?"

"Inspekta ameandika. Anasema ni maneno ya picha tu, Kahiga ndiye huyasema kila Jumamosi."

"Na wewe umeiona hiyo picha?"

"Mimi niingie humo?"

Mutindi alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, ya reli, ili asikutane na mtu. Kahiga hakuwahi kusema maneno yale. Alisema tikiti. Kila aliyewahi kukaa katika godauni lile alisikia tikiti. Maneno ya kweli yalikuwa yamesikika mara moja tu kwa Kiswahili katika Makindu nzima, juu ya sahani mbili za muthokoi.

Kuanzia siku hiyo alimchunguza Mbuvi kama anavyochunguzwa mgonjwa. Aligundua kwamba hakwenda tena kula hekaluni. Aligundua kwamba viatu vyake vimepakwa rangi. Mbuvi akiwa nje, alifungua sanduku lake, akapekua nguo moja moja na kuzirudisha kwa mpangilio uleule, akiona aibu kana kwamba mwizi ni yeye. Hakupata kitu. Chakula cha jioni walikula wakizungumza juu ya mvua isiyokuja, na kila mmoja aliona mwenzake anavyomtazama.

Kulikuwa na mlango mmoja wa kutorokea, na Mutindi aliung'ang'ania siku mbili. Kahiga alisema anajua Kifaransa kidogo. Kama ni kweli, basi anaweza kuwa ameyajua maneno yale siku zote na kuyaficha. Basi ni yeye. Ijumaa ya wiki iliyofuata alimpikia chapati na ndengu, akaomba ruhusa kwa inspekta, akaenda kumwona.

Kahiga alikuja kwenye nondo akiwa ameukumbatia mkono wake uliofungwa kitambaa. Mutindi alimpa chakula. Kisha, bila kubadilisha uso, kwa Kifaransa safi na sauti ya kawaida, akamwambia kwamba nyuma ya mguu wake wa kushoto kuna nyoka.

Kahiga alimsikiliza mpaka mwisho. Hakusogea. Macho yake yalilegea, kama ya mtu anayetendewa wema.

"Hiyo siijui, mwalimu," akasema. "Ni maombi?"

Mutindi akatikisa kichwa.

"Nilikudanganya siku ile," Kahiga akaendelea. "Mimi sijui hata neno. Niliendesha mashine ya sinema Nairobi miaka kumi na mmoja. Mwenye sinema alipohama aliniachia filamu nne. Tatu zimeisha. Hii moja imebaki, nami nikaona, watu hawawezi kukaa saa mbili bila kuambiwa kitu. Nikawa namtazama usoni tu, na kubuni."

Jioni Mbuvi alipoingia, Mutindi hakuwa amepika. Alikuwa ameketi mezani, mikono juu ya meza.

"Kaa," akamwambia. "Pumua polepole."

Mbuvi alibaki amesimama kwa muda, mkono kwenye komeo. Kisha akakaa.

"Nani mwingine anajua?"

"Mzee Nzioka anayajua maneno. Hajui yalitoka wapi."

"Alikuwa anahema vibaya," Mbuvi akasema. "Nilifikiri atanifia. Sikukumbuka kitu kingine cha kumwambia. Si eti nilitaka kuigiza. Yalitoka tu." Alijifuta uso. "Na nilikuwa naogopa, Mutindi. Naogopa hata sasa."

"Ulimwelekezea nini?"

"Gunzi la hindi."

"Unaapa?"

"Gunzi. Nililitupa relini."

Redio na saa alikuwa amezifukia kwenye shamba la mkonge la watu, nyuma ya stesheni. Alipanga kuzipeleka Mombasa mambo yakitulia. Mutindi alimuuliza kwa nini, na majibu yakawa mengi, hakuna hata moja lililotosha. Kwamba amechoka kula chakula cha hekalu. Kwamba hakuna anayemwita kwa jina lake, wanamwita mdogo wa mwalimu. Kwamba aliposikia Koti anaogopa, aliona kumbe hata mtu mwoga anaweza.

Hili la mwisho lilimchoma Mutindi mahali ambapo hakuonyesha. Yeye ndiye aliyemfungulia mlango huo.

"Kahiga atanyongwa," akasema.

"Hawana ushahidi. Watamwachilia. Na yeye si wa hapa, Mutindi. Atarudi kwao."

"Wamemvunja kidole. Nimempelekea chapati, akala kwa mkono wa kushoto kama mtoto. Kesho saa sita mchana nitaenda kwa inspekta. Kabla ya hapo, nenda wewe mwenyewe. Ukienda mwenyewe, na vitu vikirudi, na mzee akisema ulivyomfanyia, inawezekana hutanyongwa."

"Inawezekana."

"Sina neno kubwa kuliko hilo."

"Wewe ni mtoto wa mama yangu," Mbuvi akasema.

"Ndiyo maana nakwambia kwanza."

Alfajiri Mutindi alisikia mlango ukifunguliwa taratibu. Alikuwa macho. Alingoja kusikia nyayo zinaelekea upande gani, kituoni au barabarani, lakini upepo ulikuwa unavuma na hakusikia kitu. Hakuinuka kutazama. Alikaa ndani mpaka saa sita kamili, kwa sababu saa sita ndiyo aliyosema, halafu akavaa viatu akaenda kituoni.

Mbuvi hakuwa amefika huko. Alikuwa amepanda basi la Mombasa la saa tano na nusu.

Inspekta Mwangangi alimsikiliza mpaka mwisho bila kuandika. Alikuwa mtu mkubwa, mpole wa maneno, ambaye hakuamini hata saa yake mwenyewe bila kuuliza nyingine.

"Kwa hivyo maneno haya hayamo katika picha."

"Yamo. Lakini kwa Kifaransa. Kahiga hajui Kifaransa. Nimempima."

"Na anayejua ni wewe."

"Ni mimi."

"Na ulijua jana jioni, ukanyamaza mpaka basi likapita." Aliinamisha kichwa. "Mwalimu, unaniletea ukweli ukiwa umeupoza kwanza. Nitajuaje kwamba hamkupanga pamoja?"

Mutindi alimwonyesha mahali vitu vilipofukiwa, na hilo likamtia shaka zaidi. Walimweka kituoni siku mbili, wakimuuliza maswali yaleyale kwa mpangilio tofauti. Akayajibu. Simu ilipigwa vituo vya mbele, na Mbuvi akashikwa Voi, ambako basi lilisimama watu wanywe chai. Hakukimbia. Konda alisema baadaye kwamba alikuwa ameketi kibandani na kikombe mbele yake, na alipoona polisi wanaingia alikisogeza kando ili kisimwagike.

Kesi ilisikilizwa Machakos mwezi wa kumi na mmoja. Mwendesha mashtaka alitaka silaha. Alijaribu kumfanya mzee Nzioka aseme aliona bomba au panga. Watu wa Makindu waliojaza benchi walijua kwamba Nzioka akisema neno moja tu, panga, yamekwisha. Mutindi, aliyekuwa ameketi mwisho wa benchi ambako hakuna aliyetaka kukaa naye, alimwona mzee akishika ukingo wa kizimba cha mashahidi.

"Sikuona silaha," Nzioka akasema. "Niliona koti limetokeza. Nilichoona kwa macho yangu ni mtu aliyerudi kuniwekea gunia chini ya kichwa. Na akaniambia nipumue."

Akayarudia maneno yote, na hakimu akayaandika.

Mbuvi alifungwa miaka saba.

Kahiga alikuwa ameachiliwa siku nyingi. Alikaa Makindu akingoja kidole kipone ili aweze kufunga mashine yake, na hakuna aliyemwomba msamaha kwa mdomo, ingawa mara mbili alikuta kuku amefungwa mlangoni kwake. Kabla hajaondoka alikuja kwa Mutindi.

"Nataka kukuomba kitu, mwalimu. Nimeishi na yule mtu miaka minne. Nataka kujua anasema nini."

Basi Jumapili moja baada ya ibada waliketi wawili katika godauni tupu. Kahiga aliweka mlango wazi kidogo ili watu wasiwe na la kusema. Mutindi alitafsiri kila neno, na Koti aliponyamaza, yeye pia alinyamaza. Aligundua kwamba anaiona filamu kwa macho mengine. Mara ya kwanza alimpenda Koti na kumchukia rafiki aliyemuuza. Sasa alimtazama yule rafiki, mtu mnene mwenye baa, jinsi alivyofuta meza ileile mara nne baada ya kupiga simu, na akaona kwamba aliyeitengeneza filamu hakumchukia hata yeye. Alimwonea huruma kila mtu, na hakumwokoa yeyote. Mutindi hakujua kwamba kitu kinaweza kuwa kizuri namna hiyo na kisikufariji hata kidogo.

Walipofika kwa muuza vito alitafsiri kwa sauti isiyobadilika. Kahiga alivua kofia.

"Kumbe alikuwa mtu mpole," akasema. "Na mimi nimemtukania jina miaka minne yote."

Siku ya tatu alipakia vitu vyake kwenye lori akaenda zake upande wa Nairobi.

Mama yao, Syokau, aliishi Kasikeu, kwenye shamba. Alikuwa amesikia habari kutoka kwa watu kabla Mutindi hajafika kumwambia, na Mutindi alipofika alimkuta anapepeta mbaazi, akaendelea kupepeta. Hakumfukuza. Hakumkaribisha. Sukari aliyopelekewa ilirudi na jirani, haijafunguliwa. Hivyo ndivyo mwaka ulivyokwisha, na mwingine ukaingia nusu. Kila mwezi Mutindi alikwenda gerezani peke yake. Mbuvi alikataa kumwona mara nne za kwanza. Ya tano alitoka, wakakaa dakika zote walizopewa wakizungumza juu ya meno yake yaliyokuwa yakimsumbua.

Mwezi wa tano, Jumamosi ya ziara, Mutindi alifungua mlango saa kumi na mbili asubuhi akakuta mama yake ameketi kwenye ngazi. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani na amebeba kiondo kilichofunikwa kitambaa. Inaonekana alikuwa ametoka Kasikeu kungali giza.

"Mwaitu, mama yangu," Mutindi akasema. "Umefika saa ngapi? Mbona hukubisha?"

Syokau alisimama kwa shida, akikataa mkono wa bintiye, akajipangusa vumbi.

"Nimemletea viazi vitamu," akasema. "Watu wanasema huko wanakagua kila kitu, wanavunjavunja. Wewe unajuana nao. Utawaambia wasivunje."

"Nitawaambia."

"Haya, chukua kiondo. Ni kizito."

Mutindi akakichukua, akafunga mlango, wakashuka pamoja kuelekea barabarani, mama mbele.